Kanisa la Mkunazini na Suala la Usanifu wa Kuazima

Mwalimu wa Bukoba au wa Muleba anapofundisha habari za utamaduni wa taifa, jengo analolitolea mfano aghalabu ni msonge wa Wahaya. Mfano huo ni mwema, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini mara nyingi, mbele ya darasa hilo hilo, lipo jengo jingine: kanisa la matofali lenye matao, mnara wa kengele na madirisha marefu membamba. Udongo wake ulichimbwa bondeni hapo karibu, na matofali yake yalifyatuliwa na kuchomwa na babu za wanafunzi wanaolitazama. Hata hivyo jengo hilo halitajwi katika somo. Husemwa kwamba ni la Wazungu, na neno hilo likishasemwa mazungumzo hukoma.

Katika insha hii tunakusudia kuyafungua tena mazungumzo hayo. Twauliza: jengo lililoazima umbo lake kutoka nchi za mbali, tena kutoka zama zilizokwisha pita huko huko lilikotoka, laweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya utamaduni wetu? Na kama laweza, ni kwa kipimo gani?

Wala swali hili si la kupitisha wakati. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya kumi na watano, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Baada ya msiba kama huo watu hulazimika kuamua: jengo lipi litengenezwe, lipi libomolewe na kusahauliwa, lipi lijengwe upya na kwa umbo gani. Asiyejua kulisoma jengo hana la kusema katika uamuzi huo; atafuata bei ya saruji na mabati tu. Kwa hiyo elimu ya kuyasoma majengo ni haja ya raia, na pa kuianzia ni shuleni.

Ili tujifunze kusoma, yatupasa kuchagua kitabu chenye herufi zinazosomeka. Makanisa ya Kianglikana yapo Kagera. Dayosisi ya Kagera yenye makao yake Ngara ilianzishwa mwaka 1985, na ile ya Lweru yenye makao yake Muleba ikafuata baadaye. Lakini jengo la Kianglikana ambalo kwalo suala letu linaonekana wazi kuliko yote katika Tanzania liko Unguja, mtaa wa Mkunazini: Kanisa Kuu la Kristo. Mwanafunzi wa Kagera asilione kuwa la mbali mno. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Karagwe, na njia iliyopitisha pembe na watu waliotekwa kutoka nchi za maziwa iliishia kwenye bandari zilizotazamana na Unguja. Historia ya Mkunazini inaugusa mkoa wa Kagera pia.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa katika nchi yake. Misheni ya Vyuo Vikuu ikapata kiwanja hicho, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mchoro ulitokana na kazi ya msanifu wa Uingereza, C. F. Hayward, lakini aliyeusimamia ujenzi, akaubadili na kuukamilisha kwa muda wa miaka saba hivi, ni Edward Steere, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya jengo lake.

Umbo lililoletwa lilikuwa la namna iitwayo Kigothi. Namna hiyo ilizaliwa Ufaransa katika karne ya 12. Kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ambalo sehemu yake ya madhabahu ilijengwa upya kati ya mwaka 1140 na 1144, ndilo linalotajwa kuwa la mwanzo. Alama zake ni tao lililochongoka kileleni, dari la mawe linalobebwa na mbavu, viegemeo vya nje vinavyosaidia kuta zisisukumwe na uzito wa dari, na madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Alama hizo zilitumwa kazi. Tao lililochongoka husukuma kuta kwa nguvu ndogo kuliko tao la nusu duara, kwa hiyo jengo liliweza kwenda juu zaidi na kutobolewa madirisha mapana, ili nuru iingie katika nchi ambazo jua lake ni hafifu.

Hapa yafaa tukumbuke jambo moja ambalo husahauliwa. Waingereza waliojenga Mkunazini hawakuwa watu wa Zama za Kati. Nchi yao ilikwisha jaa viwanda, reli na moshi wa makaa ya mawe. Katika karne ya 19 wasomi na wasanifu wao, kama A. W. N. Pugin, walichukizwa na hali hiyo, wakageuka nyuma kuyatafuta maumbo ya mababu zao wa miaka mia tano au mia sita iliyopita, wakiamini kwamba humo ndimo ilimokuwa imani safi. Bunge lao lilipoungua mwaka 1834, lilijengwa upya kwa mtindo huo wa kale. Basi vazi lililoletwa Unguja lilikuwa limekwisha kuazimwa mara moja kabla ya kuvuka bahari. Anayesema kwamba Kigothi ni asili ya Mwingereza, na kwamba sisi tu ndio waazimaji, hajaitazama historia hiyo vizuri.

Tena liko jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Tao lililochongoka halikuwa geni katika pwani yetu. Tukienda Kilwa Kisiwani tutaukuta Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani zaidi ilijengwa kabla ya mwaka 1200, kisha ukapanuliwa katika karne ya 14 na kutengenezwa tena katika ile ya 15. Mna humo nguzo za mawe, matao yaliyochongoka, kuba, na dari zilizopindwa kwa matumbawe na chokaa. Wakati mafundi wa Ufaransa na Uingereza wakisimamisha makanisa yao makuu, mafundi wa Kilwa nao walikuwa kazini. Wanahistoria wengi wa usanifu huona kwamba hata Ulaya yenyewe ililipata tao hilo kutokana na kukutana kwake na nchi za Kiislamu. Tukisema “Zama za Kati”, basi, tusizifikirie za Ulaya peke yake. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na zama zake za kati, zilizojengwa kwa mawe. Tao la Mkunazini lilipofika Unguja lilikuta jamaa zake wamekwisha tangulia.

Sasa tulitazame jengo lenyewe. Ubora wake uko wapi? Sisi twaona kwamba uko katika paa lake. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: dari lililazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, upana wa chumba haukuzidi sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Chumba hakipimwi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Hupimwa kwa mti. Ukumbi wa kanisa la kusanyiko kubwa haukuweza kuezekwa kwa namna hiyo. Njia ya Ulaya ingekuwa kuagiza kenchi za mbao au za chuma kutoka ng'ambo, au kuchonga mbavu za mawe kama za Saint-Denis. Steere hakufuata hata moja kati ya hizo. Alijenga dari la tao moja lililorefushwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukumbi, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake na kufunikizwa, kwa mchanganyiko wa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Watu wengi walitabiri kwamba paa hilo litaanguka. Limesimama kwa muda wa karibu karne moja na nusu.

Kwa kufanya hivyo jengo liliacha Kigothi cha vitabuni. Dari la pipa ni la kale kuliko mbavu za Kigothi. Lilitumiwa na Warumi, na mafundi wa Kilwa walilijua. Kuta nene zilizohitajika kulibeba ni zile ambazo waashi wa Unguja walizoea kuzijenga, na matumbawe ni jiwe la kisiwa chenyewe. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma, kisha kuyamwagia maji na kuilaza chokaa hiyo muda mrefu kabla ya kuitumia. Elimu hiyo haikutoka London. Ilikuwa mikononi mwa mafundi wa Unguja, nao pamoja na watu waliokombolewa utumwani ndio waliozisimamisha kuta zile. Mchoro ulitaka kitu kimoja, matumbawe yakataka kingine. Palipotokea mvutano matumbawe yalishinda, na jengo likapona kwa ushindi huo.

Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili kwa wepesi akikumbuka Steere alikuwa nani katika lugha yetu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Halafu akaendelea kutafsiri Maandiko. Hakuiumba lugha. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla yake, na kila alichokiandika alifundishwa na wenyeji. Mtafsiri hodari hukubali kuongozwa na lugha anayoitafsiria: neno likikataa, hutafuta jingine, mpango wa sentensi ukikataa, huuvunja akaupanga upya. Mtafsiri dhaifu huburura maneno yake ya ugenini hadi ndani ya nyumba ya watu, akawataka wenyeji wayazoee. Paa la Mkunazini ni tafsiri ya namna ya kwanza.

Lakini sehemu nyingine za jengo hazikutafsiriwa, na mhakiki hana budi kuzitaja. Karibu na kisima cha ubatizo zimo nguzo ambazo zimesimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba zilisimamishwa askofu akiwa safarini, na aliporudi akaziacha zilivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo wakacheka, na kicheko hicho huwaangukia mafundi. Sisi twaona kwamba kisa hicho, kama kilivyosimuliwa, kinamlaumu asiyestahili. Fundi aliyejua kusimamisha ukuta wa matumbawe hakuwa mjinga. Aliletewa nguzo ambayo kichwa chake na kitako chake vilikuwa na maana katika nchi nyingine, asielezwe maana hiyo, akaachwa peke yake afanye kazi. Ni sawa na mwandishi aliyepewa kunakili maneno ya lugha asiyofundishwa. Kosa la nakala ya namna hiyo huanza kwa aliyeiagiza. Mwalimu anaweza kukitumia kisa hiki kuwaonyesha wanafunzi kwamba umbo likiazimwa bila maana yake hubaki pambo tu, na pambo huweza kupinduliwa bila mtu yeyote kuona tofauti.

Liko pia suala la kumbukumbu, nalo ni zito zaidi. Madhabahu iliwekwa mahali panaposemwa ulikuwapo mti wa kufungia watumwa wakichapwa viboko, na alama imetiwa katika marumaru ya sakafu. Wazo hilo lina nguvu. Ni vigumu kusimama pale bila kuguswa. Lakini tusome kuta. Umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya sasa, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873. Yumo askofu kaburini mwake. Zimo kumbukumbu za mabaharia wa Uingereza waliokufa katika kuyawinda majahazi ya watumwa. Waliokomboa wana majina. Waliouzwa hawana hata moja. Kwa miaka zaidi ya mia moja jengo lililosimama juu ya soko lile liliwataja wote isipokuwa wale waliouzwa humo. Katika miaka ya 1990 ndipo ilipowekwa uani, nje ya kanisa, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Kazi hiyo imeziba sehemu ya pengo, japo imelizibia nje. Aidha, wageni huteremshwa katika vyumba vya chini vya jengo la misheni lililo jirani wakiambiwa kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa. Baadhi ya wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo, kwa kuwa jengo lenyewe lilijengwa baada ya soko kufungwa. Ubaya wa soko lile ulikuwa mkubwa wa kutosha. Hauhitaji kuongezewa mambo yasiyothibitika. Wala kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa: hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, na katika Tanganyika hadi mwaka 1922.

Kabla ya kurejea Kagera, tutue kidogo ng'ambo ya mpaka, Buganda; maana Uprotestanti uliingia Buhaya kutoka huko, ukiletwa kwanza na wenyeji waliokwenda kusoma na kurudi na vitabu, kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Kanisa Kuu la Waanglikana la Namirembe, Kampala, lina historia ya kutufundisha. Makanisa ya mwanzo kilimani pale yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, kwa ufundi wa Waganda wenyewe. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lililojengwa baadaye kwa matofali na kuezekwa kwa nyasi likachomwa na radi mwaka 1910. Ndipo likajengwa la sasa, lililokamilika mwaka 1919, la matofali mekundu na kuba, kwa mchoro wa Temple Moore, Mwingereza aliyebobea katika Kigothi. Faida ya mabadiliko hayo ni dhahiri: radi na upepo havikuliangusha tena. Hasara yake haitajwi sana. Udongo wa mahali ulibaki katika kuta, lakini fundi wa matete, ambaye kazi yake ilikuwa imelifunika kusanyiko zima, hakuwa na nafasi tena juu ya vichwa vya watu.

Sasa turudi kwenye msonge. Ukiutazama kwa macho haya, msonge ni mwalimu wa usanifu. Ukuta na paa havikutengana. Fito na matete vimefungwa duara juu ya duara kuanzia ardhini hadi kileleni, kisha vikaezekwa kwa nyasi. Kila pete inazishika fito zisitawanyike, na nguzo za ndani zinaubeba uzito. Umbo lake limetokana na vitu vilivyotumika, kama vile chumba chembamba cha pwani kilivyotokana na boriti, na kama vile paa la Mkunazini lilivyotokana na matumbawe. Majengo matatu, watu mbalimbali, imani mbalimbali, lakini kanuni ni moja. Kwa hiyo msonge na kanisa la matofali si maadui wa kuchaguliwa mmoja na kutupwa mwingine. Vyote viwili vyaweza kupimwa kwa kipimo kimoja.

Kipimo hicho twakipendekeza kwa walimu katika maswali matatu. La kwanza: jengo hili limetii vitu gani vya mahali hapa? Wanafunzi na watazame udongo wa tofali, unene wa ukuta, upana wa tao na namna maji ya mvua yanavyoondolewa, wakikumbuka kwamba Bukoba ni mji wa mvua nyingi. La pili: nani walilijenga, na ni nini walichokijua wao ambacho mchoraji hakukijua? Hapa wazee wanaweza kuulizwa wangali hai: nani alifyatua, nani alichoma, kuni zilitoka wapi, nani alipinda tao la kwanza na alijifunza kwa nani. La tatu: jengo hili linamkumbuka nani kwa jina, na nani limemwacha? Mawe ya msingi husomeka. Wanafunzi wayaandike majina yaliyomo, kisha wayatafute yasiyokuwamo.

Jengo litakalojibu vizuri swali la kwanza na la pili ni letu, hata kama tao lake lilianza safari Ufaransa au Kilwa. Litakaloshindwa kujibu ni geni, hata kama limejengwa mwaka jana na mkandarasi wa hapa hapa. Kwa kipimo hiki, nyumba nyingi mpya za saruji na mabati, zisizojali joto wala mtikisiko wa ardhi, zitaonekana kuwa ngeni kuliko kanisa la zamani lililo mbele ya shule.

Kulijua jengo peke yake hakutoshi. Lahitaji matunzo yanayolifaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote mjini humo, ilianguka. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua; zikipigwa lipu ya saruji unyevu hufungiwa ndani, ukazila polepole. Ukuta wa matofali wa Kagera nao una mahitaji yake, na mtetemeko wa mwaka 2016 ulionyesha jinsi ukuta usiofungwa vizuri kwenye pembe zake unavyofunguka. Fundi anayeyajua mambo haya ni mlinzi wa utamaduni sawa na mtunza ngoma au msimulizi wa hadithi, na shule ingefanya vyema kumwalika darasani kama inavyowaalika hao.

Na kazi hiyo ianze muhula huu, kabla wale waliochoma matofali hawajatutoka, maana majina yao hayakuandikwa katika jiwe lolote la msingi.